Pazia la Rejeta

Jumamosi, 1 Juni 2024. Bujumbura

Esansi imeadimika tena. Kituo cha karibu na nyumbani kimefungwa kwa kamba, magari yamelazwa kwenye foleni hadi yameota vumbi, na wenyewe wamekwenda zao wakaacha vijana wa kulinda. Ya magendo ipo, kwenye chupa za maji na bidoni za manjano, kwa bei inayopanda kila ukiuliza. Ofisi yangu ilihamia Gitega baada ya mji huo kufanywa makao makuu ya siasa. Familia imebaki huku chini. Kwa hiyo Corolla hupanda Jumatatu na kushuka Ijumaa, na esansi ya safari hiyo lazima niwe nayo mkononi kabla ya kuwasha gari.

Nimeamua kutengeneza pazia la rejeta: mabamba nyuma ya grili, ya kufungua na kufunga nikiwa nimekaa kwenye usukani. Si wazo langu. Rolls-Royce Phantom za miaka ya 1920 zilikuwa na mabamba ya namna hiyo mbele ya rejeta. Lori la Kisovieti GAZ-51 lilikuwa nayo pia, kwa sababu ya baridi ya kwao. Siku hizi yamerudi kwa sababu ya mafuta: Chevrolet Cruze Eco ya 2011 na Ford Focus ya 2012 huyafunga kwa mota, kompyuta ikiona injini haihitaji upepo. Hewa inayoingia kwenye grili, ikapenya rejeta na kugonga injini, hulivuta gari nyuma. Na injini iliyopoa kupita kiasi hunywa zaidi.

Wengine huziba grili kwa katoni, basi. Kwa barabara yangu hilo ni kutafuta balaa. Bujumbura iko ziwani, mita 775 hivi juu ya bahari. Bugarama iko kwenye mita 2,200, na kati ya miji hiyo ni kilomita 35 tu za RN1, kona juu ya kona. Hapo injini inahitaji kila pumzi ya hewa. Baada ya Bugarama nakata kuingia RN2, napita Muramvya hadi Gitega, na huko kuna ubaridi. Ijumaa ni kinyume chake chote. Gari moja, asubuhi moja, hali tatu. Pazia lisilofunguka halifai hata kuanza.

Jumapili, 2 Juni

Kabla ya kukata kitu chochote, nipime. Mshale wa joto kwenye dashibodi hausemi mengi. Toyota ikishapata moto, mshale hukaa katikati na kutulia hapo, maji yawe nyuzi 80 au 95. Nimenunua kipimajoto kidogo cha dijiti chenye waya, kile cha friji na matangi ya samaki, kinachofika nyuzi 110.

Nimekijaribu jikoni. Maji yalipotokota juu ya mbabula kilisoma 97. Kinasema kweli: kwa mwinuko wetu maji hayafiki 100. Bugarama yanatokota kwenye 92 au 93, kwani kila mita 300 za kupanda zinaondoa nyuzi moja hivi. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta una springi: mgandamizo wa kilo 0.9 unasogeza mchemko mbele kwa zaidi ya nyuzi 15. Mfuniko uliolegea haukusumbui hapa mjini, Rohero. Unakusumbua ukishafika juu.

Ncha ya waya nimeifunga kwenye shingo ya chuma, pale mpira wa juu wa rejeta unapotoka kwenye injini, nikaizungushia sponji ili upepo usiidanganye.

Jumatatu, 3 Juni. Gitega, usiku

Vipimo vya leo, bila pazia, grili kama ilivyotoka kiwandani:

Mjini hadi mwanzo wa mlima: 70, 72.
Katikati ya mlima, gia ya pili, nyuma ya lori: 96, feni haizimi.
Kabla kidogo ya Bugarama: 101. Nilisimama pembeni nikaiacha ipumue.
Tambarare ya juu, mwendo wa 70: 66.
Mteremko wowote mrefu: 60 na kushuka.

Sielewi. Gari hilo hilo linachemka likipanda na linapoa kama chai iliyosahauliwa likishuka. Thamostati ya injini hii, 5A-FE, hufunguka kwenye nyuzi 82. Chini ya hapo inatakiwa kufunga njia ya kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Nyuzi 60 zinatoka wapi?

Jumamosi, 8 Juni. Buyenzi

Nimempelekea fundi wangu daftari. Kaburi la magari na hospitali yake vyote viko Buyenzi. Ukikosa kipuri huku, mtaa wa pili watakuambia kwa Kiswahili nani anacho. Mzee alivaa miwani, akasoma namba zangu kwa kidole, kisha akasema:

"Mwalimu, hapa hakuna thamostati."

"Umeona wapi?"

"Kwenye karatasi yako. Lete spana namba 10."

Nati mbili, maji yakamwagika kwenye karai, kasha likafunguka. Tupu. Ndani kulikuwa na gasketi peke yake, imekaa vizuri, imepakwa silikoni nyekundu na mtu aliyejua anachofanya. Gari lilipita mikono mingine kabla yangu, na mmoja wa hao alikuwa na fundi wa imani ile tunayoijua wote: nchi zetu ni za joto, thamostati ni ya Wazungu wenye theluji, itoe injini ipumue.

Mzee amewahi kuiamini imani hiyo na ameiacha. Alinieleza kwa kutumia kifuniko cha soda na kidole. Kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati ina vali mbili kwenye shina moja. Ya juu hufungua njia ya rejeta. Ya chini, wakati huo huo, hufunga njia ya mkato ambayo maji huitumia kuzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia zote mbili hubaki wazi. Mlimani, sehemu ya maji ya moto inakata kona na kurudi kwenye injini bila kupozwa, hivyo gari linachemka. Mteremkoni, maji yanapita kwenye rejeta bila kizuizi, hivyo gari linapoa. Kompyuta ikiona maji yana nyuzi 60 inadhani ni asubuhi, inaendelea kumimina esansi ya kuamshia injini. Ugonjwa mmoja, dalili mbili zinazogombana.

"Ulitaka kujenga mlango mbele ya nyumba," akasema, "na wa ndani hawana ukuta."

Jumapili, 9 Juni

Thamostati imepatikana, mpya, imepigwa chapa ya 82. Kabla ya kuifunga nimeining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, kipimajoto kando yake, watoto wamezunguka mbabula. Mama watoto ameniuliza kama sufuria hiyo itarudi kupikia ubwabwa. Nimemwahidi nyingine.

Kwenye 80 hakuna kitu. Kwenye 82 uzi mwembamba wa kivuli ukatokea ukingoni mwa sahani ya shaba. Kwenye 88 ungepitisha sarafu. Maji yalipokaribia kutokota ilikuwa imefunguka milimita 8 hivi, na ile vali ya chini imesukumwa chini kiasi hicho hicho. Ndani hakuna umeme wala kompyuta. Ni kidonge cha nta kinachoyeyuka na kutanuka, kikasukuma pini. Nilipoitoa kwenye maji ilijifunga yenyewe taratibu, springi ikilia kidogo. Mdogo wa mwisho alitaka tuirudie.

Ijumaa, 14 Juni

Wiki ya kwanza na thamostati. Mlimani, mzigo ule ule: kilele 94, feni ikiwaka na kuzima. Tambarare ya juu: 80. Kushuka leo jioni kutoka Bugarama: 77, 78.

Chupa ya esansi niliyobaki nayo si ile ninayobaki nayo siku zote. Zaidi ya hapo siwezi kuapa. Hiki ndicho kichekesho cha uhaba: unakufanya utake kupima kila tone, na wakati huo huo unaharibu kipimo. Esansi ya wiki hii ilitoka kwenye bidoni mbili za watu wawili, nyingine ilikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Tangi halijai kamwe, kwa hiyo hakuna pa kuanzia kuhesabu. Joto peke yake ndilo ninaloweza kuliamini, na hilo ndilo nitakaloendelea kupima.

Mzee anaona kazi imekwisha. Mimi naona nyuzi 77 kwenye mteremko bado ni chini ya 82, na ubaridi wa asubuhi ya Gitega haujaguswa. Pazia litajengwa.

Jumamosi, 22 Juni. Buyenzi

Mzee amefungua tena baada ya Idi. Vifaa:

Mabamba: bidoni ya manjano ya lita 20, imekatwa ubavuni palipo bapa, vipande vitatu vya upana wa sentimita 5. Nilifikiria alumini ya sahani za kiwanda cha uchapaji. Ni nyembamba, inapiga kelele kwenye upepo na ina makali.
Ekseli: spoki za baiskeli.
Fremu: pembe za alumini za dirisha.
Kuvuta: kebo ya choki ya Hilux ya zamani pamoja na kitufe chake. Ukizungusha kitufe inabaki ulipoivuta.
Kurudisha: springi ya kabureta.

Fremu imekaa kati ya grili na rejeta, mahali pa kiyoyozi kilichong'olewa kabla yangu. Inafunika tundu la juu tu. Mdomo mpana wa chini kwenye bampa nimeuacha wazi na hautafunikwa, ili hata siku nitakayosahau, rejeta isikose hewa kabisa.

Jambo tulilobishana hadi adhuhuri ni mahali pa kutoboa. Mzee alitaka spoki ipite katikati ya bamba, kama madirisha ya vipande vya vioo. Nimeomba ipite theluthi moja kutoka ukingo wa juu. Sababu: likiwa limefungwa, upepo unasukuma bamba lote, lakini sehemu ya chini ni kubwa mara mbili, kwa hiyo upepo wenyewe unaitupa nyuma na bamba linalala. Likilala, hewa inapita. Uzito wake unalivuta lifunge; springi inashinda uzito huo. Hivyo kebo ikikatika, spoki ikichomoka au kitufe kikifyatuka, pazia linafunguka. Kulifunga kunahitaji mkono wa mtu. Kulifungua hakuhitaji mtu.

Mzee alikubali akiwa na drili mkononi: "Hapa kwetu tengeneza kitu kama hivyo. Kikiharibika, kiharibikie upande wako."

Kwenye matundu tumepaka nta ya mshumaa badala ya grisi. Hiki ni kiangazi. Grisi ingekusanya vumbi lote hadi Bugarama na mabamba yangeganda.

Jumatatu, 1 Julai

Sikukuu ya uhuru, miaka 62. Gwaride redioni, mimi mezani na kikokotoo. Nataka kujua pazia linaweza kuokoa kiasi gani kabla ya kulijaribu, nisije nikaona ninachotaka kuona.

Kupanda. Gari, mimi na mizigo: kilo 1,200. Mita 1,400 za kwenda juu. 1,200 × 9.8 × 1,400 ni megajuli 16 na nusu. Lita moja ya esansi ina megajuli 32 hivi, na injini hii ikijitahidi hugeuza robo kuwa kazi, yaani 8. Basi lita mbili zinaishia kuubeba uzito hadi Bugarama, hata kama duniani kusingekuwa na upepo. Pazia halina la kusema hapo. Kinachosema ni mizigo: kila kilo 60 ninayoacha nyumbani ni desilita moja.

Tambarare na vilima vya juu. Kwa mwendo wa 70, upepo unalikaba gari hili kwa niutoni 117 hivi. Kwa kilomita 65 hadi Gitega ni megajuli 7 na nusu, karibu lita moja. Hewa inayopenya rejeta ni fungu dogo la ukinzani huo. Nikikadiria kwamba pazia la tundu la juu litaondoa asilimia 4 ya wote, nimeokoa sentilita 4. Glasi yangu ya chai ni kubwa kuliko hapo mara nne au tano.

Nikipunguza mwendo kutoka 70 hadi 60, ukinzani wa upepo unashuka kwa zaidi ya robo, kwa sababu unakwenda na mraba wa mwendo. Hiyo ni sentilita 25, bila bidoni, bila spoki.

Kwa hiyo pazia litabaki kwa ajili ya joto. Kama ni upepo, mguu unatosha.

Ijumaa, 5 Julai

Asubuhi Gitega, nyuzi 12 nje. Pazia limefungwa: injini imefika 80 dakika moja na nusu mapema kuliko jana likiwa wazi, njia ile ile. Si muujiza. Thamostati ikiwa imefungwa maji ya rejeta hayaingii kwenye injini hata hivyo. Kilichobadilika ni kwamba upepo wa baridi haulambi tena chuma, sampu na manifoldi kwa nguvu ile ile. Oili nayo inapata moto mapema, na oili nzito ni kazi ya bure kwa injini.

Kushuka kutoka Bugarama, pazia limefungwa: 82 mwanzo hadi mwisho, haikuyumba. Likiwa wazi ilikuwa 77. Mteremkoni nikitoa mguu kwenye eksileta gari likiwa kwenye gia, kompyuta hukata esansi kabisa. Lakini kila ninapoikanyaga tena kutoka kwenye kona, sasa inakuta injini yenye joto lake na haimwagi ya ziada.

Kona za chini vijana wa ndizi walinipita, mikungu imefungwa pande zote za baiskeli, videvu juu ya usukani, viatu vikikwaruza lami kuwa breki. Kesho watarudi juu wameshika nyuma ya malori. Esansi yao analipa mwenye lori.

Jumamosi, 13 Julai. Buyenzi

Tatizo lililobaki: kitufe kikishazungushwa, pazia linabaki limefungwa. Nikikutana na mlima huku nawaza mengine, je?

Nilikuwa na mpango wa kutumia nta ya thamostati ya zamani ya gari jingine kusukuma wenzo. Mzee aliusikiliza wote, akaenda dukani kwa jirani, akarudi na buza ya indiketa ya pikipiki na swichi ya taa ya breki ya nyuma, ile yenye springi ndefu inayovutwa na pedali. Swichi ameifunga kwenye kebo: pazia likivutwa, inawasha. Buza ameipa umeme wa feni kupitia swichi hiyo. Feni ikiwaka pazia likiwa wazi, kimya. Ni mjini tu, foleni, kawaida. Feni ikiwaka pazia likiwa limefungwa, buza inapiga kelele hadi uachie. Feni huwaka kwenye nyuzi 93 hivi, mbali ya kutosha na hatari. Waya mita mbili, fyuzi moja.

Tulipokuwa tunajaribu, madereva wa teksi walikusanyika. Kila mmoja alitaka kuvuta kitufe na kuona mabamba ya manjano yakilala. Mzee aliwaacha wacheze, kisha akawauliza mmoja mmoja: lako lina thamostati? Hakuna aliyejua. Wawili waliondoka wakiwa wamepanga siku ya kurudi kufunguliwa kasha. Pazia hakuna aliyeagiza.

Jumapili, 21 Julai

Shemeji ameazima gari, anapeleka wakwe zake harusini Rumonge. Nimembandikia karatasi kwenye dashibodi:

Mjini na kando ya ziwa: kitufe usikiguse.
Mlima wowote: kitufe ndani, kabla ya kuanza kupanda.
Asubuhi ya baridi au mteremko mrefu: vuta, zungusha.
Buza ikilia: achia. Usisimame.
Mwendo: 60.

Ameisoma mara mbili. "Sasa shemeji, Rumonge hakuna mlima wala baridi. Hili dude litanisaidia nini?"

"Wewe halikusaidii kitu. Soma mstari wa mwisho."

"Sitini? Na wakwe ndani?"

"Na wakwe ndani. Esansi ya kurudi wataipata wapi?"

Amekubali, lakini ameomba bidoni ya lita 5 iwe kwenye buti. Kazi iliyobaki akirudisha gari: sponji pembeni mwa rejeta, pale hewa inapopenya bila kupita kwenye mapezi, na mfuniko mpya. Wa sasa springi yake imechoka.